Injini Iliyolala Nje

Pikapu yangu ilikuwa na kila kitu isipokuwa moyo. Bodi yake ilikuwa ya kifaru cha vita. Bampa lake la mbele lingeweza kusukuma ghala likahama. Magurudumu yote manne yalivuta, na chasisi ilikuwa nene kiasi kwamba siku nilipoipima kwa nyundo, nyundo ndiyo iliyopata ufa. Niliipata Makambako, kwenye mnada wa mradi mmoja wa barabara uliofunga virago miaka ile ya ruksa, wakati mali zilizokuwa za wote zilipouzwa moja moja kama vyombo vya marehemu. Injini yake ilikuwa ya petroli, na kutoka Makambako hadi Njombe, safari ambayo basi bovu huimaliza kwa saa mbili, ilikunywa kama ukoo mzima ulioalikwa pombe ya ulanzi. Ilipofika mlima wa kuingilia mjini ikatoa mlio mmoja wa bati kuchanika, ikafa. Watu walinisaidia kuisukuma hadi nyumbani huku wakinipa pole kama mfiwa.

Basi nikawa mwenye gari lisilo na injini. Ningeweza kuligeuza banda la kuku, na jirani mmoja alishaniletea jogoo wa kuanzia. Nilikataa, na sababu ya kukataa ilikuwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa aliolewa juu kabisa, huko Makete, mahali ambapo ukisimama vizuri unaweza kuyapangusa mawingu kwa kitambaa. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia shamba la viazi kwenye udongo mweusi ambao ukidondosha kifungo cha shati unavuna koti. Tatizo halikuwa kulima. Tatizo lilikuwa mlima mmoja kabla ya kijiji, mwekundu, wenye kona tatu na korongo pembeni. Mwaka uliotangulia, lori alilokodi lilifika chini ya mlima ule likakataa kupanda, dereva akasema atarudi na minyororo, akarudi kwao moja kwa moja. Dada na wanawake wenzake walishusha magunia kwa vichwa hadi barabarani, wakasubiri lori jingine, mvua zikaanza wakisubiri. Viazi vya mwaka mzima vilioza pale pale kando ya barabara. Harufu yake, nadhani, hata watu wa Lupingu kule chini ziwani waliisikia wakawasingizia samaki wao.

Baada ya hapo shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja na wazo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa hesabu fupi. Alisema shamba lile lipandwe misindano ya mbao. "Miti haiozi ikisubiri gari," alimwambia dada. Ni kweli haiozi. Lakini mti wa mbao unataka miaka mingi kabla hujaukata, na katika miaka hiyo dada yangu angekula nini, magome? Ukoo ukakaa, ukampa msimu mmoja tu. Viazi vikifika Makambako kwa wanunuzi, shamba linabaki la viazi. Visipofika, mvua za kwanza zinapanda misindano. Na shemeji, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujiandaa, alishaotesha miche yake kwenye viriba, akaipanga ukutani mwa nyumba ya dada, mistari kwa mistari, kama askari wanaosubiri amri.

Nilisimama mbele ya viriba vile nikaapa kwamba mwaka huu gari litafika mlangoni. Niliapa kwa sauti kubwa mno. Nina kawaida hiyo.

Kuhusu injini ya kuweka, Njombe nzima ilikuwa na maoni. Kinyozi alitaka niweke ya trekta. Muuza mkaa alitaka niweke ya basi, kwa sababu basi hubeba watu wengi na watu ni wazito kuliko viazi. Mimi mwenyewe sikuwa mjinga. Mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni. Fizikia niliisoma kwa taa ya karabai baada ya kupanga mbao kutwa nzima, na nilijua kwa nini dizeli haina haja ya cheche: hewa ikibanwa sana hupata joto, dizeli ikirushwa ndani ya joto hilo hujiwakia yenyewe. Nilijua pia kwamba ukipanda juu hewa inakuwa nyembamba, na injini inayovuta hewa nyembamba inakuwa kama mkimbiaji mwenye mafua. Haya niliyaeleza kwa kirefu mahali popote palipokuwa na watu wawili na benchi.

Fundi wangu, mzee wa Kibena, alikuwa kinyume changu. Kwa wiki nzima alitumia maneno kama kumi na mawili, na manane yalikuwa namba za spana. Alilizunguka gari mara mbili, akachungulia palipokuwa pametolewa injini ya petroli, akapima kwa kijiti, akanipa kijiti.

"Dizeli," alisema. "Isizidi hapa."

Nilielewa. Injini ndefu ni nzito mbele, na gari zito mbele likiingia kwenye tope linainamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Nikakiweka kijiti ndani ya koti, nikapanda basi kwenda Makambako.

Mtu wa Njombe akishuka Makambako mwezi wa saba huhisi amefika pwani. Wao wenyewe wanalalamika baridi, wanavaa masweta, sisi tunawatazama tu. Ni mji uliokaa njia panda, reli inapita, malori ya kila upande yanapumzika hapo, na wafanyabiashara wake wametoka kila pembe ya nchi. Miaka ile uwanja wa kila mwenye bahati ulijaa vyuma vilivyotumika kutoka nje: injini, giaboksi, ekseli, milango ya magari ambayo magari yenyewe hatukuwahi kuyaona.

Mzee niliyeelekezwa kwake alikuwa mtu wa Tanga, kofia nyeupe iliyonyooka, mikono safi kuliko mikono ya mtu yeyote aliyewahi kuuza injini. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniuliza habari za huko kwenye barafu, akanipeleka nyuma ya duka. Alikuwa na dizeli mbili zinazoweza kuingia kwenye gari langu, zote zimefungwa juu ya fremu za mbao, kila moja na betri yake na kopo lake la mafuta, tayari kuwashwa mbele ya mteja.

Ya kwanza ilikuwa ya silinda sita. Sijawahi kuona chuma kizuri namna ile. Ilipakwa rangi ya fedha, ungeweza kunyolea ndevu mbele yake, na ubavuni ilikuwa na tabo, yaani kile kikonokono cha chuma kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Hewa ya ziada! Fizikia yangu yote ya jioni ilisimama ikapiga makofi. Ile ndiyo dawa ya hewa nyembamba ya Makete. Nikatoa kijiti cha fundi. Injini ilikizidi kwa kama vidole vinne. Nikajiambia vidole vinne si urefu, fundi atasogeza rejeta.

Ya pili ilikuwa ya silinda nne, imetolewa kwenye lori dogo. Ilikuwa fupi, nyeusi, imegandamana masizi kama sufuria ya ugali wa msiba. Haikuwa na tabo. Haikuwa na rangi. Mzee mwenyewe alinionyesha kwa kidevu tu, akasema amekwisha kumfikiria mtu mmoja anayetaka kuifungia mashine ya kusaga.

Akaniacha nizitazame, akaenda kutafuta waya wa stata. Na hapo nikafanya jambo ambalo mtu wa Njombe pekee ndiye angelifanya. Nilikuwa nimesafiri kwenye basi lisilo na kioo hata kimoja upande wangu, vidole vimekufa. Mikono yangu, bila kuniuliza, ikaenda kwenye ile injini ya silinda sita ikatandaza viganja juu yake, kama mtu aliyekaribishwa jikoni. Nikaota joto lake. Vidole vikarudi kimoja kimoja. Nikahisi kwa kweli kwamba injini ile inanipenda.

Mzee akarudi, akagusisha waya. Haikuzunguka hata mara mbili. Iliitika. Na sauti yake! Kunguru wa Makambako walinyamaza. Ilikuwa sauti nene, tulivu, ya mtu anayeongea akijua hatakatizwa. Akaizima, akaiwasha ile nyeusi, nayo ikawaka pia, lakini kwa moshi na kelele za mtu anayemwaga misumari ndani ya debe. Nilishaamua. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumshika mzee mkono tukubaliane, nikautazama mkono wangu.

Ulikuwa mwekundu, wenye afya, umepata joto.

Baba yangu alikuwa akinunua maksai wa kulima. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao uliwachosha wauzaji wa wilaya nzima: hakununua ng'ombe aliyemkuta amesimama. Alikwenda alfajiri, umande bado uko juu ya nyasi, akakaa nje ya zizi kumtazama ng'ombe anavyoinuka. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiuno, ng'ombe mwenye kwato mbovu, ng'ombe mzee aliyepakwa mafuta pembe, wote mchana wanatembea. Siri yao iko katika kuinuka. Mimi nilikuwa nimetaka kununua ng'ombe aliyesimama, tena nikaota joto lake.

"Mzee wangu," nikasema, "hii imewashwa leo?"

"Leo, na jana, na juzi. Kizuri hutazamwa na wengi."

"Na ikikaa usiku kucha bila kuguswa?"

"Inakuwa imelala. Wewe hulali?"

Nikamwambia ninachotaka. Nataka injini zote mbili zipande Njombe, zilale nje usiku mmoja, na asubuhi ziwashwe mbele yangu zikiwa baridi kama zitakavyokuwa kwa dada yangu. Akacheka mpaka kofia ikahama. Aliniambia yeye anauza injini, haozeshi mabinti, na mali yake haiendi kulala ugenini. Nikamwambia sina haraka. Nikakaa juu ya tairi.

Nilikaa pale tangu adhuhuri. Akaenda kuswali, akarudi, akanikuta. Akahudumia wateja wawili, akanikuta. Nilimweleza habari za mlima mwekundu, na viazi vilivyooza, na viriba vya shemeji vilivyopangwa ukutani. Sikuongeza chumvi, au niliongeza kidogo tu, kwenye harufu. Aliporudi kutoka sala ya alasiri nilikuwa karibu kuota mizizi. Alinitazama, akauliza kama dada yangu ana watoto. Nikamjibu wanne. Akasema lori lake linapanda Njombe Alhamisi kuchukua mbao, na linakwenda tupu. Injini zitapanda nalo. Itakayoshindwa itarudi juu ya mbao. Naye atakuja mwenyewe kulinda mali yake, ingawa tangu ahamie Makambako hajawahi kulala Njombe, kwa sababu anavyojua yeye kule ni mahali pa kuhifadhia samaki.

Alhamisi alishuka kwenye lori amevaa koti juu ya koti, na juu ya makoti blanketi mbili, macho tu yanaonekana. Tulizishusha injini kwenye uwanja wa fundi kwa puli na mnyororo, tukaziweka bega kwa bega juu ya nyasi. Dada yangu alikuwa amefika tangu asubuhi. Alikuwa amesikia kwamba mdogo wake anachagua moyo wa gari, akasema huo moyo atauona kwa macho yake, si kwa maneno yangu, maneno yangu anayajua. Alitusalimia kamwene mmoja mmoja, akazizunguka injini zote mbili mikono nyuma, kama mkaguzi.

Jua lilipoanza kushuka na ule upepo wa Njombe ukaanza kutafuta mifupa, yule mzee wa Makambako akafungua turubai ili aifunike ile ya silinda sita. Alisema umande utaharibu rangi. Nikaona ana haki. Nikaleta na magunia matatu, nikaanza kuifunika vizuri, upande huu na upande huu, kama tunavyofunika miche sakitu, ule umande ulioganda, isiiunguze. Moyo wangu bado ulikuwa kwake, sitaki kuficha. Nilikuwa naipa nafasi.

Dada alisubiri nimalize.

"Mdogo wangu," akasema, "kwangu gari litalala wapi?"

"Uwanjani."

"Uwanja wangu una paa?"

Nikaanza kumweleza kuhusu tabo na hewa nyembamba. Akanisikiliza hadi mwisho, akatoa gunia la kwanza, akalikunja. Akatoa la pili. La tatu nilimtolea mwenyewe. Mzee wa Makambako akakunja turubai lake, na nadhani hapo ndipo alipoanza kumwogopa dada yangu, kama sisi wote.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Umande ulikuwa umeganda juu ya kila kitu, juu ya spana, juu ya fremu za mbao, juu ya injini zote mbili, na kwa mara ya kwanza zilifanana. Mzee alikuwa ameshaswali. Maji ya udhu, alituambia, alilazimika kuyavunja. Tukamcheka, naye akacheka, mvuke ukimtoka kama birika.

Fundi alivua glavu akaweka kiganja juu ya kila injini. Akakubali kwa kichwa: zimelala. Akagusisha waya kwenye ile ya silinda sita.

Ilizunguka. Ikazunguka tena. Ilikuwa na plagi za kupasha, zile ambazo mafundi wanaziita hita, na bila joto la hita zile injini ya aina yake haiwezi kuwaka kwenye baridi, kwa sababu dizeli yake inarushwa kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni na chumba hicho kikiwa cha baridi kinaunyonya moto wote. Haya sikufundishwa jioni, nimeyajua baadaye. Hita mbili au tatu zilikuwa zimekufa, na Makambako mchana nani angejua? Fundi akazipasha, akasubiri, akagusisha. Ikatoa moshi mweupe kidogo, kama mtu anayetaka kusema kitu akakisahau. Nikamwomba ajaribu tena. Akajaribu. Nikamwomba tena. Nilisimama pale nikiisukuma kwa mabega yangu matupu, bila kuigusa, nikikaza meno kila stata ilipozunguka, mpaka betri ikazungumza polepole, polepole, ikanyamaza.

Fundi akaihamia nyeusi na betri yake. Haina hita hata moja. Dizeli yake inarushwa moja kwa moja juu ya pistoni. Ilizunguka mara moja, ikakohoa. Mara ya pili ikatetemeka mpaka sakitu ikadondoka kutoka kwenye fremu. Mara ya tatu ikawaka, na ule moshi uliotoka, nawaapia, watu wa Mtwango walidhani Njombe inaungua. Misumari ndani ya debe! Ilikuwa inagonga na kunguruma na kujikung'uta, na kuku wote wa fundi walikuwa juu ya paa.

Nikajaribu mara ya mwisho. Nilisema tunaweza kununua hita mpya. Nilisema tunaweza kuwasha jiko la mkaa chini yake asubuhi, kama wengi wanavyofanya. Nilisema kule juu hewa ni nyembamba, hii nyeusi itapanda mlima kama bibi harusi. Sikusema kwamba naitaka ile ya fedha kwa sababu ya sauti yake, lakini walijua.

Fundi akapangusa mikono. Alitumia siku ile maneno ya wiki mbili.

"Hewa nyembamba itakunyima mwendo," akasema. "Baridi itakunyima safari. Dada yako anataka kipi?"

"Nataka viazi viondoke," dada akasema. "Hata vikienda vinatambaa. Na hizo hita zikifa siku nyingine, mdogo wangu, nitatumwa kuzinunua wapi? Kwa nyani?"

Mzee wa Makambako alisema yeye alikuwa ameiandikia injini ile kusaga mahindi, na Mungu alikuwa ameiandikia viazi, na kati ya waandishi hao wawili anamjua mkubwa. Tukashikana mikono juu ya ile nyeusi, mkono wangu huu mara hii ukiwa wa baridi kama chura. Ile ya fedha ilirudi Makambako juu ya mbao, imefunikwa vizuri. Niliisindikiza kwa macho hadi kona.

Nikatoa kijiti. Injini ilikuwa fupi kuliko kijiti.

Kuifunga kulichukua wiki tatu, kwa sababu fundi alikuwa anatengeneza mikono ya kuishikilia kutoka kwenye vyuma vya trekta lililokufa, na kila mkono aliukataa mara mbili kabla ya kuukubali. Nilikuwa pale kila jioni baada ya kazi. Siku ya kwanza kuliendesha, gari lilitetemeka kiasi kwamba meno yangu yalibadilishana nafasi. Halikuwa na haraka hata kidogo. Lakini ukiliweka gea ya kwanza ukaondoa mguu kwenye mafuta, lilikwenda. Ungeweza kushuka, ukanunua karanga, ukalikuta linakwenda.

Mlima mwekundu tulikutana nao siku ya ukungu, udongo umelowa, unang'aa kama umepakwa samli. Nilikuwa peke yangu. Nikaingiza magurudumu yote manne, gea ya kwanza, nikaliacha linong'one. Fundi alikuwa sahihi, lilinyimwa mwendo. Kwenye kona ya pili nilipitwa na mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, akanisalimia, akaniuliza kama nimeharibikiwa. Nikamjibu hapana, ndio mwendo. Akaniambia basi tutaonana juu. Tulionana juu.

Kwa dada tulipakia jioni. Magunia yake ni yale yaliyojazwa mpaka vichwa vyake vikashonewa vilemba vya kamba, lumbesa za kweli, na gari likakaa chini juu ya springi zake kama mtu aliyeshiba. Shemeji alikuja kutazama. Alipiga tairi teke la heshima, akasema ni gari zuri, na mvua mwaka huu zinaonekana zitawahi. Alikuwa ameleta miche mingine. Uwanja ukawa umejaa viriba, mpaka kwenye njia.

Uwanja wa dada uko bondeni. Nawaeleza hivi ili mwelewe: gari likikataa kuwaka pale, hakuna wa kulisukuma likaondoka. Labda malaika.

Asubuhi nilitoka nikakuta sakitu imelala juu ya boneti nene kama blanketi la mzee wa Makambako. Na chini ya injini, ndani ya jiko kubwa la mkaa, makaa mekundu. Dada alikuwa amechuchumaa pembeni yake, anayapepea kwa mfuniko wa sufuria. Shemeji alikuwa amesimama ukutani karibu na miche yake, mikono ndani ya koti.

"Dada, toa jiko," nikasema. "Hii haihitaji."

"Wewe washa."

"Ukiliacha hapo, nikiwasha, hatutajua ni injini au ni jiko."

Hilo lilimfikia. Akalivuta jiko kando, mbali kabisa, akakaa nalo. Nikasubiri. Nilisubiri mpaka nilipoweka kiganja juu ya injini nikahisi inaning'ata kwa baridi. Nikaingia ndani, sikuomba dua yenye maneno mengi, nikageuza ufunguo.

Ikakohoa. Nikageuza tena. Ikatetemeka, sakitu ya boneti ikapasuka ikateleza vipande vipande. Sikumtazama dada. Sikumtazama shemeji. Nikageuza mara ya tatu na misumari yote duniani ikamwagwa ndani ya madebe yote duniani, moshi ukajaza bonde, mbwa wa vijiji saba wakaanza kuulizana.

Moshi ulipopungua nilimwona dada bado amechuchumaa palepale, anachagua viazi vidogo kutoka kwenye kikapu, anavipanga kimoja kimoja juu ya makaa yale. Hakusimama. Aliongea bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayepanga kazi za asubuhi.

"Shemeji," akasema, "toa viriba vyako njiani. Gari linataka kugeuza."

Shemeji aliitazama miche, akalitazama gari linavyotetemeka. Kisha akatoa mikono kwenye koti, akainama, akaanza kuibeba, minne minne, kuipeleka nyuma ya nyumba.